Kutoka Mokowe hadi Kasarani: jinsi ya kujitolea katika mashindano makubwa ya kimataifa

Kijana wa Lamu au Malindi anayetaka kujitolea kwenye mashindano makubwa ana mtaji ambao wengi hawana: amekulia mji wa wageni. Anajua kumpokea mtu asiyejua njia, anaweza kusema naye lugha mbili tatu, na ana ile adabu ya kumfikisha mgeni mlangoni badala ya kumwelekeza kwa kidevu. Kwa kawaida kinachomwangusha ni cheti kilichochelewa, nauli ambayo haikupigiwa hesabu, na dhana kwamba anaenda kutazama mpira.

Mashindano yenyewe yamesogea karibu nasi. Septemba 2023, CAF, yaani Shirikisho la Soka la Afrika, iliipa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Agosti 2025 nchi hizohizo ziliandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao: viwanja vya Kasarani na Nyayo hapa kwetu Nairobi, Mandela kule Kampala, Mkapa Dar es Salaam na Amaan Zanzibar. Mtu wa Lamu mwenye jamaa Unguja asiutazame uwanja wa Nairobi pekee. Mahali pa kulala palipo na uhakika ni nusu ya maombi.

Kazi yenyewe

London 2012 ilitumia watu wa kujitolea wapatao 70,000, na Paris 2024 wapatao 45,000. Wengi wao hawakukaa karibu na mchezaji yeyote. Walisimama kwenye vituo vya treni, magetini, ngazini na maegeshoni, wakijibu maswali yaleyale kutwa nzima: choo kiko wapi, geti langu ni lipi, basi la kurudi linapita wapi. Wengine walikaa ofisini wakigawa beji na sare. Wachache waliwekwa kwenye lugha, huduma za waandishi, usafiri wa wajumbe na upimaji wa dawa zilizopigwa marufuku.

Hesabu zamu kuwa ya saa nane hadi kumi, nyingi kati ya hizo ukiwa wima. Mageti hufunguliwa saa kadhaa kabla ya mchezo, na wewe unatakiwa kufika kabla hayajafunguliwa, ujiandikishe, upewe maelekezo ya siku na upelekwe kwenye kituo chako. Ukipangiwa geti la nje utausikia mpira kwa kelele tu. Anayetaka kuona mechi, na hakuna ubaya kutaka, akate tiketi.

Mshahara hakuna. Unachotarajia ni sare, chakula au kinywaji cha zamu, na pengine nauli ya mjini. Malazi na safari ya kutoka kwenu ni juu yako isipokuwa imeandikwa vinginevyo. Hata Paris, mtu aliyetoka mbali alijitafutia pa kulala mwenyewe.

Maombi: mapema kuliko unavyodhani

Kwa Olimpiki ya Paris, maombi yalifunguliwa Machi 2023 na kufungwa mwanzoni mwa Mei 2023, yaani zaidi ya mwaka mzima kabla ya michezo. Waliojaza fomu walipita 300,000. Mashindano ya kwetu huenda yakafungua dirisha fupi zaidi, na hapo ndipo wengi hukosa. Taarifa za kuaminika hutoka kwenye tovuti na kurasa rasmi za CAF, za shirikisho la soka la nchi na za kamati andalizi. Tangazo lililorushwa kwenye kundi la WhatsApp si tangazo mpaka ulikute huko.

Hakuna mashindano ya kweli yanayokutoza ada ya kujaza fomu, ya usaili, ya sare au ya “kuharakishiwa beji”. Ukiombwa kutuma hata shilingi 200 kwa namba ya mtu binafsi, huyo ni tapeli. Usimtumie pia picha ya kitambulisho chako ili “akujazie”, maana kitambulisho hicho kinaweza kusajili laini ya simu au kukopea.

Fomu nyingi huuliza mambo yaleyale: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, umri (kwa kawaida miaka 18 na kuendelea), ukubwa wa nguo, lugha na kiwango chake, siku unazopatikana, na umewahi kufanya nini. Jina ni jambo dogo linaloangusha watu wengi wa pwani. Shuleni uliitwa Mohamed, kwenye kitambulisho umeandikwa Muhammad, na kwenye barua pepe uko kwa jina la utani. Ukaguzi wa usalama hulinganisha herufi kwa herufi. Tumia tahajia moja, ile ya kitambulisho, kila mahali.

Kwenye uzoefu usiandike “napenda michezo na kufanya kazi na watu”. Andika kazi. Aliyesimamia watu wakati wa mbio za punda za Maulidi Lamu amekwisha fanya kazi ya uwanjani: kuzuia watu wasijae kwenye ukingo wa bahari, kuondoa watoto njiani kabla punda hawajafika, kuacha upenyo wa wanaobebwa kwenda hospitali. Iandike hivyo, kwa idadi: “Nilisimamia sehemu ya mita 50 ya njia ya mbio pamoja na wenzangu wanne, kwa siku mbili.” Mwenye kupanga saa za kuondoka kwa mashua, kuratibu ligi ya mtaa au kuongoza wageni kwenye magofu ya Gede aandike vivyo hivyo. Kama huna lolote la kuandika, mashindano ya jahazi, mbio za punda na ligi za vijana kila mwaka zinatafuta wasimamizi. Anzia huko sasa, uombe barua fupi yenye tarehe na kazi uliyofanya.

Lugha, na ukweli kuhusu lugha

Timu za Afrika zinakuja na Kiarabu, Kifaransa, Kiingereza na Kireno. Hapo pwani tuna nafasi, lakini tuseme kweli. Aliyehitimu madrasa anayesoma Kiarabu vizuri bado si mkalimani. Mchezaji wa Morocco huzungumza Kiarabu cha nyumbani kwao, na huchanganya na Kifaransa. Wewe atakuelewa, kumwelewa yeye ndiko kugumu. Kwa hivyo kwenye fomu weka Kiarabu “cha mazungumzo ya kawaida” na usikiite fasaha. Baadhi ya waandaaji hukupigia simu na kuzungumza nawe kwa lugha uliyoitaja. Kiwango kilichokuzwa hufichuka kwa dakika mbili, na kinatia shaka yote mengine uliyoandika.

Kwa kazi ya geti, Kiarabu kidogo kinatosha sana, na nusu yake Mswahili anayo tayari. Yamini ni kulia, shimali ni kushoto, bab ni mlango, kursi ni kiti. “Tafaddal, min huna” (karibu, pitia hapa) ukiisema kwa mkono uliofunguliwa, familia nzima inakufuata.

Kiitaliano cha Malindi hakitakuwa na kazi kubwa kwenye Kombe la Afrika. Faida yake ni kwamba kinakufungulia Kifaransa upesi: *porta* na *porte*, *ospedale* na *hôpital*, ukijua la kwanza unalibaini la pili. Mwenye Kiitaliano cha ufukweni akijifunza Kifaransa cha geti, cha hospitali na cha basi kwa miezi mitatu, atawekwa mahali ambapo mtu wa Kiingereza pekee hawekwi.

Ukipangiwa ukalimani, sema kwa nafsi ya msemaji. Kocha akisema “nimesikitika”, nawe unasema “nimesikitika”, si “anasema kwamba amesikitika”. Usipolijua neno, uliza. Kulifunika kwa neno la kukisia ni kumtia kocha maneno mdomoni.

Cheti cha tabia njema na nyaraka nyingine

Cheti hiki hutolewa na DCI, idara ya polisi ya upelelezi wa jinai, na huombwa kupitia eCitizen. Unajaza fomu, unalipa (ada tuliyoizoea ni shilingi 1,050, thibitisha kwenye mtandao siku unayolipa), unachapisha fomu na risiti, kisha unapeleka alama za vidole mahali ulipochagua. Kinachokwamisha ni vidole. Wavuvi, mafundi wa mbao, wachonga mawe na wafua nguo huwa na vidole vilivyosuguka, alama hazisomeki, na maombi hurudi. Wiki moja kabla, paka mafuta ya nazi kila usiku na upunguze kazi ya kamba na simenti. Siku yenyewe nawa kwa sabuni mafuta yaishe, ukaushe kabisa. Mikono yenye jasho huacha doa badala ya mistari.

Waajiri na waandaaji wengi hukihesabu cheti kuwa hai kwa mwaka mmoja. Usikichukue mapema mno kikaisha kabla ya mashindano, wala usingoje uitwe ndipo ukimbie. Miezi minne hadi sita kabla ni kipindi kizuri.

Kwa kituo cha Tanzania beba pasipoti na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo moja hutosha maisha, lakini dozi ihesabiwe siku 10 kabla ya kuvuka mpaka. Kampala, kitambulisho cha taifa hutosha badala ya pasipoti.

Nauli na njia

Kutoka Lamu hadi Nairobi panga siku mbili, hata kama kuna anayekwambia moja inatosha. Unavuka kwa boti hadi Mokowe alfajiri, unapanda basi kupitia Hindi, Witu, Gamba na Minjila hadi Malindi na Mombasa. Njiani kuna vizuizi vya usalama ambapo abiria hushuka na kuonyesha kitambulisho halisi. Picha ya kwenye simu haikubaliki. Ukifika Mombasa jioni, lala. Treni ya SGR inaondokea Miritini, nje ya mji, na hushusha Syokimau, ambako unaunganisha na treni ya kuingia mjini. Daraja la kawaida lilikuwa shilingi 1,500 tangu mwanzo wa 2024, na tiketi hukatwa kwa *639#. Msimu wa mashindano na likizo za shule treni hujaa siku nyingi mbele, kwa hivyo kata mara tu ratiba ya zamu inapotoka, ya kwenda na ya kurudi pamoja.

Weka bajeti ya mafungu manne: safari, malazi, nauli ya kila siku mjini, na akiba. Fungu la tatu ndilo husahaulika. Mechi ya usiku ikiisha saa nne na zamu ikafungwa saa tano na nusu, matatu zimepungua na zilizobaki zimepandisha bei. Jamaa wa Eastleigh au Pangani ni bora kuliko chumba cha bei rahisi upande wa pili wa jiji, maana kutoka huko unaingia Barabara ya Thika moja kwa moja hadi Kasarani. Jipangeni wawili watatu wa zamu moja mkae nyumba jirani, mrudi pamoja. Kwa dada zetu hili halina mjadala, na mara nyingi ndilo hutuliza wazazi nyumbani.

Beba nguo nzito. Nairobi iko mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Sare ni fulana na kizibao. Wewe uliyezoea kipupwe cha Malindi utatetemeka kufikia kipindi cha pili. Vaa sweta jembamba la mikono mirefu *ndani* ya sare, kwa kuwa juu yake haliruhusiwi.

Getini

Hapa ndipo mafanikio ya siku nzima yanapoamuliwa, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Foleni haikwami kwenye mashine ya kusoma tiketi. Inakwama kwa mtu aliyefika mbele ya mashine ndipo akaanza kutafuta simu. Kazi yako ni kutembea nyuma ya foleni, mita 20 hivi kabla ya geti, ukirudia maneno machache: “Fungua tiketi. Ongeza mwanga wa simu. Baba mwenye tiketi za wote, wewe pita wa mwisho.” Hili la mwisho ni muhimu kuliko yote. Mzazi huwa na tiketi nne kwenye simu moja. Akitangulia, mashine inamruhusu, anasukumwa ndani na wanaomfuata, na mke na watoto wanabaki nje bila tiketi. Akiwatanguliza wao mmoja mmoja, akisogeza skrini kwa kila tiketi, wote wanaingia kwa nusu dakika.

Kioo cha simu kilichopasuka katikati ya msimbo wa tiketi (QR) hakisomeki. Mwambie apunguze ukubwa wa picha ili msimbo ukae kwenye upande wa kioo usiopasuka. Mashine ikikataa na kuonyesha kuwa tiketi imeshatumika, usibishane wala usimwite mwizi mbele ya wanawe. Huenda ameuziwa nakala. Mwondoe pembeni, umwelekeze dirisha la matatizo ya tiketi, urudi kwenye foleni.

Watu wakianza kusukuma, usilizuie geti kwa mwili wako. Kwenye CHAN 2025 mashabiki wasio na tiketi walilazimisha kuingia Kasarani. CAF ikapunguza idadi ya watazamaji wa mechi ya Kenya hadi 27,000 na kuruhusu tiketi za kielektroniki pekee. Mtu wa kujitolea hana mafunzo wala mamlaka ya kuzuia umati. Una kazi ya kuona mapema. Angalia mabega: watu wakifika watano kwenye mita moja ya mraba, hatari imeanza; wakizidi kubanana, mtu hatembei tena kwa miguu yake, anabebwa na wenzake. Kabla hapajafika hapo, toa taarifa kwenye redio: mahali, unachokiona, upande umati unakotoka. Bonyeza kitufe, subiri nukta moja, ndipo useme; ukisema papo hapo neno la kwanza hukatika, na mara nyingi neno hilo ndilo namba ya geti.

Mtoto aliyepotea: baki naye palepale ulipomkuta, mwite mwenzako wa pili, toa taarifa. Usiwe naye peke yako chumbani. Usitangaze jina lake wala nguo alizovaa kwa sauti. Anayekuja kumdai ndiye ayaseme, nawe umtazame mtoto anavyompokea.

Jua na maji

Mashindano yakija pwani, joto ndilo adui. Machi 2007 Mombasa iliandaa mbio za nyika za dunia, na Kenenisa Bekele mwenyewe, bingwa asiyezoea kushindwa, aliacha mbio njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Wewe uliyesimama juani kwa muda wa saa nane hukimbii, lakini hutoki hapo pia. Kunywa kikombe kimoja, yaani robo lita, kila dakika 20, usingoje kiu. Mtazamaji akianza kupepesuka na kusema yasiyoeleweka huku ngozi ikiwaka moto, ita wahudumu wa afya na uanze kumpoza papo hapo: kivulini, maji mwili mzima, mpepee. Hapoi kwa kungoja machela.

Ukipangiwa upimaji wa dawa

Kazi hii hupewa watu wazima watulivu. Ukishamwarifu mchezaji kwamba amechaguliwa, unajitambulisha, anasaini, na kuanzia hapo haondoki machoni pako mpaka chumba cha vipimo. Ana haki ya kupokea medali, kuzungumza na waandishi, kupoza mwili na kutibiwa. Unakwenda naye kote. Kuoga au kwenda chooni kabla ya kipimo, hapana. Usimpe chupa mkononi. Mwonyeshe zilizofungwa achague na kufungua mwenyewe, asije akadai kesho kwamba alitiliwa kitu.

Swala, hijabu na chakula

Wakati wa kuchukua sare omba saizi moja juu, ya mikono mirefu ikiwepo, na uulize rangi ya hijabu inayokubalika. Mara nyingi ni nyeusi au rangi ya sare, bila pini ndefu. Swala ipange na msimamizi mwanzoni mwa zamu, si adhana ikishalia: “Naomba dakika 10 kati ya saa fulani na saa fulani, fulani atanishikia.” Hakuna msimamizi mwenye akili anayekataa ombi lililokuja na mtu wa kushika nafasi. Beba tende na kashata mfukoni, kwani chakula cha zamu huchelewa, na si kila mahali utajua kama nyama imechinjwa kihalali.

Yanayokunyang’anya beji

Kumpa mwenzako beji yako hata kwa dakika tano. Kupiga picha orodha ya wachezaji au karatasi yoyote ya timu. Kuomba sahihi au picha na mchezaji ukiwa kazini. Kuacha kituo goli likifungwa.

Na kubeti. Vijana wengi wana programu ya kubeti kwenye simu na hawaoni tatizo. Ukiwa na beji, usibeti kwenye mashindano hayo hata kwa shilingi 20, wala usimwambie rafiki uliyoyaona: fulani amechechemea mazoezini, kipa ametapika kwenye basi. Taarifa hiyo ina thamani ya fedha kwa watu wabaya, na anayekuuliza kirafiki kwenye simu huenda ndiye mwenye kuinunua. Zima programu hiyo tangu siku unayosaini makubaliano.

Siku ya mwisho, kabla ofisi haijavunjwa na kompyuta kufungwa kwenye maboksi, nenda kwa msimamizi wako uombe barua yenye jina lako kamili, kitengo, tarehe na idadi ya saa. Cheti cha pamoja kitakuja kwa barua pepe baadaye, lakini huwa hakisemi ulifanya nini. Asubuhi inayofuata, watu walewale waliokuona ukifanya kazi huwa wameshatawanyika.